Mkanda Namba Moja

"Chama cha Maonyesho ya Kilimo, Mifugo na Kazi za Mikono cha Mulgara Creek kinasikitika kuwatangazia wanachama, washindani na umma kwa jumla kwamba Bwana Fenwick, mwamuzi wa Kundi la 14, Mikanda ya Ngozi Iliyotengenezwa kwa Mkono, amezuiwa na maji kwenye kivuko cha mto na hatafika. Kwa mamlaka ya Kanuni ya 6, kamati imemteua Bi Verna Trewin, mwamuzi wa Kundi la 31, Keki za Matunda Makavu, kushika nafasi yake. Uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Aidha, mwenye gari jeupe lililoziba mlango wa banda la kondoo aende akaliondoe."

Tangazo hilo lilisomwa mara mbili katika kipaza sauti, saa tatu asubuhi, na katibu Maxine Purtell, ambaye sauti yake haikuwahi kutofautisha msiba na gari lililoegeshwa vibaya. Verna alilisikia akiwa ameshika kisu juu ya keki ya saba kati ya kumi na mbili. Alimaliza kuikata, akatazama kama zabibu zimezama chini, akaona zimezama, akaandika alama sita, ndipo akatoka kumtafuta Maxine. Alikuwa mwanamke asiyeacha kazi katikati kwa sababu ya kipaza sauti.

"Maxine, mimi ni mtu wa keki."

"Na mimi nilikuwa mtu wa nguruwe kabla ya kuwa katibu. Mtu hupanda cheo."

"Ngozi siijui."

"Kwani Fenwick anaijua? Yule hugonga bizimu ya kufungia mkanda kwa ukucha, akasikiliza inavyolia, akamaliza. Mwaka wa kumi huu."

"Shida yangu si hiyo. Unajua vizuri kwamba mume wangu—"

Maxine aliinua ubao wake wa kuandikia kama anayejikinga na jua. "Ishia hapo hapo, Verna. Ukisema, nitajua. Nikijua, itabidi niandike. Nikiandika, itabidi tukutane, na wewe unaijua mikutano yetu."

Ugumu wenyewe ulikuwa wa kisheria. Kanuni ya 4 ilitaka majina ya washindani yawe siri mpaka alama zitolewe, kila kazi ikijulikana kwa namba peke yake. Kwa hiyo kamati haikuwa na njia yoyote halali ya kufahamu kwamba mmoja wa washindani wawili wa Kundi la 14 alikuwa Lindsay Trewin, ingawa wajumbe wote saba walikuwa wamemtembelea nyumbani na kuulizwa maoni yao kuhusu uzi. Mwamuzi wa kuku, aliyeombwa kwanza, alikataa kwa maelezo kwamba mshindani wa pili ni binamu yake. Kwa kusema hivyo alivunja Kanuni ya 4, akapewa onyo la maandishi. Akabaki Verna, ambaye alikuwa bado hajasema kitu.

"Saa tano kamili," alisema Maxine. "Na ule mshikaki wako wa kupimia keki uuache huku."

* * *

Binamu wa mwamuzi wa kuku aliitwa Ossie Dargan, fundi wa matandiko ya farasi, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, na duka la mabati lililotazamana na posta. Alikuwa amelichukua Kundi la 14 miaka thelathini na mmoja mfululizo, sifa ambayo ingekuwa kubwa zaidi kama katika miaka ishirini na sita kati ya hiyo angekuwapo mshindani mwingine. Hakuwa na mtoto. Kila mwaka, utepe wa buluu wa mshindi ukiwa umeshabandikwa kifuani pake, alitangaza baani kwamba siku atakapotokea mtu wa kumshinda, atamkabidhi mtu huyo ufunguo wa duka, na ngozi zote, na maharazi zote za kutobolea, na yeye mwenyewe aende akakae. Watu walimpigia makofi kwa sababu ahadi ilikuwa nzuri na haikuwa na hatari yoyote.

Lindsay ndiye aliyeichukulia kwa uzito. Tangu ukame ulipomlazimisha kuuza farasi wa mwisho, alikuwa ameketi mbele ya dirisha la jikoni akihesabu malori ya ng'ombe yanayopita barabarani, na jioni akimpa Verna jumla. Verna alikuwa amevumilia mengi katika ndoa, lakini hakujua afanye nini na taarifa ya malori kumi na manne. Kisha, mwezi wa kwanza, Lindsay alisogeza vyombo vyote vya mezani upande mmoja akatandaza nusu ya ngozi ya ng'ombe. Kwa miezi minne Verna alikula chakula akiwa amepakata sahani. Nyumba ilinuka nta na mafuta ya kondoo. Mara mbili alikuta uzi ndani ya mchuzi. Hakulalamika, kwa kuwa aliona kwamba mwanamume anayeutukana uzi yu katika hali bora kuliko mwanamume aliyenyamaza.

Siku moja, akiwa amebana ngozi katikati ya magoti, Lindsay alisema bila kuinua kichwa, "Nikilipata lile duka, asubuhi nitakuwa na mahali pa kwenda."

Hakusema tena. Mambo ya namna hiyo katika nyumba ile yalisemwa mara moja tu, na Verna alikuwa ameyaweka moyoni.

* * *

Alimkuta mumewe ameegemea pikapu, nyuma ya banda la skonzi, amevaa shati la harusi na mazishi.

"Umesikia?" Verna aliuliza.

"Hata ng'ombe wamesikia."

"Nijitoe?"

"Ukijitoa nani abaki? Watampa yule wa maboga. Yule atapima kwa mizani." Lindsay alikwangua kidole gumba kwa ukucha. "Amua kama hunijui."

"Nimekujua miaka thelathini na tisa. Nianze kukusahau saa ngapi?"

"Saa tano. Mpaka hapo kanywe chai."

"Na ule mkanda wako nimekula nao miezi minne, Lindsay. Nikifumbwa macho nitautambua kwa mafuta ya jikoni kwangu."

"Hunijui, mke wangu. Usiniambie unautambua mkanda wa mtu usiyemjua." Alifunga kifungo cha juu cha shati. "Utaitazama kwa karibu sana?"

"Nitaitazamaje? Kwa mbali?"

"Hapana, nasema tu. Fenwick haoni vizuri. Fenwick angegonga bizimu, yakaisha. Wewe una macho makali, wewe ndiye uliyeuona unywele katika keki ya mke wa mchungaji."

"Ulikuwa unywele mrefu."

"Basi usitazame sana mishono," alisema Lindsay. "Watu hawatazami mishono. Tazama ngozi."

Verna alidhani ni woga wa kawaida. Hata waokaji wa keki humsihi mwamuzi asikate katikati, na kila mara ni katikati ndipo palipobaki pabichi.

* * *

Meza ya Kundi la 14 ilikuwa kwenye ukumbi, kati ya vifuniko vya birika vilivyofumwa kwa sufu na boga lililoshinda, ambalo lilikuwa limeketishwa kwenye kiti. Watazamaji walikuwa kumi na mmoja. Ossie Dargan alikaa mbele, mikono ameisukuma mifukoni hadi kwenye vifundo vyake, kifaa chake cha kusikia akiwa amekitia katika mfuko wa shati ili betri isiishe. Lindsay alikaa kando yake. Si ajabu, walikuwa marafiki, na Kanuni ya 4 haikukataza viti.

Mikanda miwili ililala juu ya kitambaa cheupe, kila mmoja na kipande cha karatasi: Namba Moja, Namba Mbili. Karatasi ya alama ilikuwa na mistari minne. Ngozi, ishirini na tano. Kingo, ishirini na tano. Mshono, ishirini na tano. Bizimu na vipimo, ishirini na tano. Verna alivaa miwani, akatoa mshikaki katika mkoba kwa mazoea, akauelekeza kwenye Namba Moja, na Maxine akakohoa. Mshikaki ukarudi.

Alianza na ngozi. Alimkumbuka mama yake akichagua viatu vya shule, akavikunja mpaka mwenye duka akageukia ukutani. Aliikunja Namba Moja kwa nguvu, uso ukiwa nje. Ngozi mbovu ikikunjwa hivyo huonyesha mikunjo midogo kama maziwa yaliyoganda juu. Hii haikuonyesha kitu, ilijikunjua yenyewe na kulala. Namba Mbili ilifanya vivyo hivyo. Alitazama kingo kama zinatengana, kama kuna gundi, kama ni vipande viwili vyembamba vilivyobandikwa vijifanye kimoja kinene. Hapakuwa na udanganyifu. Kila mmoja ulikuwa kipande kimoja, kingo zimesuguliwa mpaka zikawa laini kama mpini wa shoka la zamani. Alipitisha ulimi wa kila bizimu, akauvuta. Shaba tupu, nzito, haikuchezacheza.

"Zote mbili zimeiva," alisema, na Maxine akaandika hivyo hivyo.

Kisha vipimo. Kanuni ilidai mkanda ujaribiwe kiunoni mwa mwanamume wa wastani, na Maxine aliuliza nani ni wa wastani. Wanaume wote tisa waliokuwamo walisimama.

"Mimi ni inchi thelathini na sita," alisema mwoka mikate, ambaye tumbo lake lilitangulia kufika mezani. "Tangu nioe, sijabadilisha suruali."

"Hilo halina mjadala," alisema mtu nyuma. "Tunaiona."

Verna alimfunga Namba Moja. Mkanda ulikuwa umepimwa kama mikanda inavyopaswa kupimwa, kuanzia pindo la bizimu hadi tundu la katikati kati ya matundu matano, inchi thelathini na sita kamili. Mwoka mikate alivuta pumzi, akafumba macho, na ulimi ukaingia katika tundu la mwisho. Alionekana mwenye hadhi. Hakuweza kusema.

Kisha Namba Mbili. Ulizunguka mgongo, ukafika ubavuni, ukakata tamaa. Verna alimwita wa pili, akawa vilevile. Wa tatu, ambaye hakika alikuwa mwembamba kwa sababu ya maradhi, alipata kuishika bizimu kwa upande mmoja na ncha kwa upande wa pili, akabaki ameshika hivyo kama anayejaribu kuunganisha mito miwili.

Verna alichukua futi. Namba Mbili ulikuwa na inchi thelathini na sita kutoka bizimu hadi ncha kabisa. Aliyeukata alikuwa amesoma namba iliyoandikwa ndani ya suruali yake, suruali ambayo huvaliwa chini ya tumbo na wala si juu yake, akakata ngozi hapo hapo, na baadaye akatoboa matundu ndani ya urefu huohuo. Ulikuwa mkanda mzuri sana kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Verna hakumtazama Lindsay. Alijua kwamba Lindsay alikuwa anatazama boga.

Likabaki jambo la mshono. Angeweza kuuandikia alama ishirini na ishirini bila kuinama; kumi na mmoja waliokuwapo wasingeuona hata wangepewa darubini. Lakini aliombwa asiutazame, na kwa mwamuzi hakuna mwaliko mkubwa kuliko huo. Aliinama.

Anayeshona ngozi kwa mkono wa kulia, mishono yake hulalia kulia, yote pamoja, kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja. Verna hakujua kwamba anajua jambo hilo. Alilijua tu kwa sababu kola ya mbwa, na begi lake la sokoni, na kiti cha pikapu, na kila kitu kilichowahi kupasuka nyumbani kwake kwa miaka thelathini na tisa, kilikuwa na mishono iliyolalia kushoto. Lindsay alikuwa na shoto. Katika kriketi watu walivuka uwanja kwenda kusimama upande mwingine alipopiga.

Mishono ya Namba Mbili ililalia kushoto.

Mishono ya Namba Moja ililalia kushoto.

Verna aliisogeza miwani, akaangalia tena, akawaangalia wale wanaume wawili wa mbele na mikono ya Ossie iliyofichwa mifukoni siku yenye joto kama ile. Ndipo alipokumbuka kwamba tangu mwezi wa tatu Ossie hakuwa akimpa mtu mkono. Aliinua kofia tu, kwa viganja viwili, kama anayetoa sufuria jikoni.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Namba Moja ulikatwa na mtu anayejua kukata na kushonwa na mtu anayejua kushona, na watu hao walikuwa wawili. Mumewe alikuwa amekaa kwenye meza yake ya chakula, mbele ya sahani yake, akamshonea mshindani wake mkanda wa kumshindia yeye mwenyewe. Na alikuwa ameushona vizuri zaidi. Katika Namba Mbili palikuwa na mishono mitatu, karibu na bizimu, iliyokwenda haraka, ya mtu anayejihurumia mwenyewe na kutaka kumaliza. Katika Namba Moja hapakuwa na hata mmoja. Ya mwenzake hakuthubutu kuiharakisha.

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Verna alifikiri juu ya dirisha la jikoni na malori kumi na manne. Alama nne tu, huku na kule, na kesho asubuhi Lindsay angekuwa na mahali pa kwenda. Nani angebisha? Mwamuzi ni wa mwisho. Lakini mkanda usiofika kiunoni ni sawa na keki iliyozama katikati. Huzuni ya aliyeioka haiwezi kuinyanyua, na aliyeambiwa uongo kuhusu keki yake huioka tena vilevile mwaka unaofuata.

Aliandika.

"Nafasi ya kwanza, Namba Moja," alisema. "Nafasi ya pili, Namba Mbili."

"Sababu," alidai Maxine. "Kanuni ya 11."

"Namba Mbili ni mkanda mfupi. Mengine yote yanalingana." Verna alivua miwani. "Kwa mshono, mikanda hii inafanana sana. Imelalia upande mmoja. Sijapata kuona mikanda ya watu wawili ikafanana hivyo."

Hapa ndipo jambo lingeweza kupita. Makofi yalianza, ya kumi na mmoja kasoro wawili. Mwoka mikate alikuwa bado anahangaika na ulimi wa bizimu. Lakini Ossie, ambaye hakusikia kitu, alimgusa Lindsay kwa kiwiko na kuuliza amesemaje, na Lindsay akainama akamweleza sikioni. Na Ossie, akiwa mtu mwenye busara na siri, aliweka mkono mdomoni na kumnong'oneza jibu. Kwa bahati mbaya alikuwa hajausikia mnong'ono wa mtu yeyote, wala wake mwenyewe, kwa miaka minane.

"AMESHAJUA," alinong'ona Ossie, na kwenye banda la jirani majogoo wawili walinyamaza. "USISEME LOLOTE. UKIBANWA SEMA HUKUNISHONEA."

* * *

Kamati ilijifungia nyuma ya banda la skonzi kwa saa moja na dakika ishirini. Mara kwa mara mjumbe alitoka, akachukua sahani ya skonzi na jamu, akarudi bila kumtazama mtu. Verna, Lindsay na Ossie waliketi kwenye benchi lililotazama uwanja wa farasi, Verna katikati.

"Kwa nini?" Verna aliuliza.

"Alikuja wewe ukiwa dukani," alisema Lindsay. "Akaitoa mikono akaiweka mezani, hivi, kama vyombo vilivyovunjika anavyoulizia bei. Hakusema nishonee. Alisema ameshaukata, basi. Ningesemaje?"

"Ungesema hapana. Duka likawa lako."

"Tandiko langu la kwanza alilishona yeye, Verna."

"Na wewe umemshonea kamba ya kukunyongea."

"Si kamba. Mkanda."

"ANASEMA NINI SHEMEJI?" aliuliza Ossie.

Verna alinyoosha mkono, akakitoa kile kifaa kwenye mfuko wa shati la mzee, akakitia sikioni mwa Ossie kama anayemziba mtoto pua. Kilipiga mluzi, kisha kikatulia.

"Nasema mpe ufunguo."

"Ufunguo wa nini? Kanishinda?" Ossie alisema, sasa kwa sauti ya binadamu. "Wewe mwenyewe umesema Namba Moja ndiyo ya kwanza. Namba Moja ni mimi."

"Namba Moja ameushona yeye."

"Basi kajishinda mwenyewe. Ajipe ufunguo mwenyewe."

"Kujishinda ni sifa," alisema Lindsay kwa upole. "Mchungaji husema kila Jumapili."

"Mchungaji hakukata mkanda kwa kusoma lebo ya suruali. Thelathini na sita, Lindsay? Wewe? Tangu lini? Hiyo namba ni ya suruali, si ya mtu. Ungeniuliza."

"Ningekuulizaje, na tunashindana?"

"Kukata hujui."

"Na wewe kushona huwezi."

"Naweza. Sitaki."

Msichana mmoja alipita akiongoza farasi mweusi ambaye hakutaka kuongozwa, na wote wawili walimtazama farasi kuanzia kwato hadi shingo, kwa mpangilio uleule, na wakati uleule wakasema, "Kwato ya nyuma."

"Ossie," alisema Verna, "huna vidole vya kushona. Hilo duka unalifungua ukafanye nini?"

Mzee aliitoa mikono mifukoni, vidole vimepinda na kukakamaa, akaitazama kama mali ya mtu mwingine aliyoachiwa aitunze. "Nalifungua," alisema. "Nafagia. Nawasha redio, siisikii, lakini taa yake inawaka. Watu wakipita wanainua kofia." Akaifunika mikono kwa kofia. "Nikimpa ufunguo huyu, shemeji, asubuhi mimi nitakwenda wapi?"

Verna aliyasikia maneno hayo kwa mara ya pili katika mwaka mmoja, kutoka kwa mwanamume wa pili, na ilimjia kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi.

"Mnaweza kwenda wote wawili," alisema. "Mmoja akate, mmoja ashone."

Walimgeukia kama aliyependekeza samaki watiwe sukari.

"Na mkanda utakuwa wa nani?" aliuliza Ossie.

"Wa atakayeuvaa."

"Haiwezekani," alisema Lindsay. "Duka lina kiti kimoja."

"Na ahadi ni ahadi," alisema Ossie. "Nilisema atakayenishinda. Sikusema atakayenionea huruma."

"Umeona?" Lindsay alimwambia mkewe. "Sasa akubali vipi? Mtu hawezi kukubali hivi hivi. Lazima kamati iseme. Wakisema Namba Mbili imeshinda, basi nimemshinda, atanipa, mimi nitamwomba awe anakuja kunikatia. Hapo itakuwa imekaa sawa."

"Hapo ningekuja," alikiri Ossie. "Ningekuja kwa kinyongo."

Hivyo mambo yote, duka, kiti, asubuhi za watu wawili na meza ya chakula ya Verna, yakawa mikononi mwa watu saba waliokuwa wanakula skonzi. Verna alikuwa ameishi Mulgara Creek maisha yake yote. Hakuomba dua. Aliuliza tu kama kuna mtu anataka chai, na kabla hajajibiwa kipaza sauti kilikwaruza, na mwanga wa mchana ukajaa sauti ya Maxine.

Kifaa cha Ossie kilipiga mluzi kikazimika, betri imekwisha. "WANASEMAJE?" aliuliza. Lindsay alihamia upande wake wa benchi, akaweka mdomo kwenye sikio la mzee, na kuanza kumpa uamuzi ule sentensi moja moja, kwa kadiri ulivyokuwa unashuka.

"Kamati ya Chama cha Maonyesho ya Kilimo, Mifugo na Kazi za Mikono cha Mulgara Creek, baada ya kulizingatia suala la Kundi la 14, imeamua yafuatayo. Mkanda Namba Moja umefutwa kwa kukiuka Kanuni ya 9, inayotaka kazi iwe ya mikono ya mshindani peke yake. Mkanda Namba Mbili hauwezi kupandishwa nafasi ya kwanza, kwa kuwa mwamuzi aliuweka wa pili, na uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Nafasi ya kwanza itabaki wazi. Bwana Dargan hakushinda. Hata hivyo, kwa kuwa aliyefutwa hakushindanishwa, kamati haiwezi kuthibitisha kwamba ameshindwa. Mkanda Namba Moja urudishwe kwa aliyeutengeneza, na kwa kuwa kamati imepiga kura mara tatu bila kumpata, utahifadhiwa katika kabati la katibu mpaka mkutano mkuu. Mwisho, ili mkanganyiko usijirudie, kuanzia mwaka ujao mishono yote ya Kundi la 14 ni lazima ilalie kulia."